Mtoto asiyeona ubao hahitaji fimbo, anahitaji miwani

Buletini za mwisho wa mwaka zikitolewa Goma, Bukavu, Uvira ama Beni, kuna wazazi wanaorudi nyumbani na hasira. Mtoto aliyekuwa kati ya watano wa kwanza katika mwaka wa pili wa msingi ameanguka katika mwaka wa nne. Anaandika makosa hata pale anapokopi maneno yaliyo mbele yake. Mwalimu anasema ni mvivu na kila saa anachungulia kaye ya jirani. Baba anafikiri fimbo, na katika ukoo hakosekani mtu wa kusema kwamba mtoto amerogwa. Swali rahisi kuliko yote huwa linachelewa kuulizwa: huyu mtoto anaona ubao?

Kutoona mbali si uchawi wala si uvivu. Jicho la mtoto hukua pamoja na mwili, na la mtu mzima hufikia urefu wa karibu milimita 24. Likizidi kurefuka, picha ya kitu cha mbali huangukia mbele ya ukuta wa ndani wa jicho badala ya kuangukia juu yake, na mtoto anaona ukungu. Milimita moja tu ya ziada inatosha kumfanya asisome kitu kilicho hatua moja mbele yake, isipokuwa akisogee. Lakini kaye anaisoma vizuri, sindano anaitunga, mchele anauchambua bila kuacha jiwe. Ndiyo sababu nyumbani hakuna anayeshuku kitu.

Mtoto mwenyewe pia hasemi. Hasemi kwa sababu hajui. Yeye anafikiri watu wote wanaona majani ya mti kama rangi moja ya kijani, na kwamba wenzake wanaosoma ubao wakiwa nyuma kabisa wana akili zaidi yake. Dalili ziko wazi kwa anayetaka kuziangalia: anakaza macho na kukunja uso akitazama mbali, anasogelea televizioni mpaka pua inakaribia kuigusa, hasalimii watu njiani mpaka wafike karibu (na anaitwa mwenye kiburi), mpira unampita bila yeye kuuona unakuja.

Katika shule nyingi za mashariki ya Kongo, hali ya darasa inazidisha shida hiyo. Tangu elimu ya msingi ya bure ianze kutekelezwa katika shule za serikali mwaka 2019, watoto wengi ambao walikuwa wanakaa nyumbani kwa kukosa minervali wameingia shuleni. Hilo ni jambo jema, na ni haki iliyoandikwa katika kifungu cha 43 cha Katiba. Lakini madarasa hayakuongezeka kwa mwendo huo. Pale wanafunzi wanapobanana wanne ama watano kwenye dawati moja, mwalimu hawezi kujua ni nani nyuma kule asiyeona. Ongeza ubao uliochakaa mpaka ukawa wa kijivu, madirisha madogo, na chaki inayoandika herufi ndogo ili somo lote lienee. Hata mwenye macho mazima anapata tabu.

Halafu kuna maneno yanayozunguka mitaani kwamba miwani, ama lineti kama wengi wanavyosema, inaharibu macho ya mtoto na kumzoesha vibaya. Si kweli. Miwani sahihi hairefushi jicho wala haililegezi, inarudisha tu picha mahali pake. Kumnyima mtoto miwani eti macho yafanye mazoezi hakujawahi kumponya mtu. Huko China, katika utafiti uliofanywa kwenye shule za vijijini na kuchapishwa mwaka 2014, watoto wasioona mbali waliopewa miwani ya bure walifanya vizuri zaidi katika hesabu kuliko wale ambao hawakupewa.

Kinachoharibu ni kitu kingine: miwani ya barabarani. Ile inayouzwa kwenye meza sokoni, karibu yote ni ya kuwasaidia wazee kusoma karibu. Mtoto asiyeona mbali anahitaji kioo cha aina iliyo kinyume kabisa na hicho. Ukimvalisha ya babu yake, ukungu unazidi. Vilevile maji ya majani na dawa zisizojulikana zinazotonwa machoni haziwezi kufupisha jicho lililorefuka, lakini zinaweza kabisa kulitia kidonda.

Je, hali hii inaweza kuzuiliwa? Kwa sehemu, ndiyo, na jibu halitoki duka la dawa. Watafiti waliwalinganisha watoto wenye asili ya Kichina, wa miaka 6 na 7, wa Sydney na wa Singapore. Wazazi wa pande zote mbili walikuwa na macho yanayofanana, na watoto wa Sydney hata walisoma vitabu vingi zaidi. Lakini Singapore watoto 29 kwa mia walikuwa hawaoni mbali, na Sydney 3 tu. Tofauti kubwa ilikuwa saa za nje: Sydney karibu saa 14 kwa juma, Singapore 3. Baadaye, shule za mji wa Guangzhou ziliongeza dakika 40 za nje kila siku kwa watoto wa mwaka wa kwanza. Baada ya miaka mitatu, walioanza kutoona mbali walikuwa 30 kwa mia, na katika shule zisizobadilisha kitu walikuwa karibu 40. Taiwan nayo tangu 2010 inazitaka shule ziwatoe watoto nje dakika 120 kwa siku.

Mwanga wa mchana, hata chini ya kivuli cha mti, unazidi wa ndani ya nyumba mara nyingi sana, na inaonekana ndio unaolizuia jicho kurefuka ovyo. Si kulitazama jua, bali kuwa nje tu.

Mtu anaweza kusema jua la Kivu halijapungua, na Afrika ina watoto wachache wenye shida hii kuliko Asia. Ni kweli kwa leo. Lakini watalaamu wanakadiria kwamba kufikia 2050 nusu ya watu wote duniani watakuwa hawaoni mbali. Na maisha ya mtoto wa mjini yamebadilika. Wazazi wanafunga mlango wa parsele kwa hofu ya risasi, ya wezi na ya motari zinazokimbia, na nani atawalaumu? Ndani, mtoto anapewa simu ili atulie, ama anaongezewa masomo ya jioni kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa msingi. Simu si sumu peke yake, na kitabu kinachoshikwa karibu na pua kwa saa tatu kinafanya kazi ileile. Basi uwanja wa shule ndio mahali pa pekee watoto wengi wanapoweza kukaa nje kwa usalama. Direkta anayefuta rekreasyo ili kumaliza programu anawanyang'anya watoto dawa isiyolipiwa hata franga moja. Na viwanja vya shule vinavyokatwa na kuuzwa vipandevipande, hayo ni mashamba ya watu wazima yanayolimwa juu ya macho ya watoto.

Kwa wale ambao tayari hawaoni, kazi ya kwanza ni kuwagundua. Madaktari wa macho ni wachache nchini, na wengi wako Kinshasa na katika miji mikubwa. Haiwezekani kuwangoja wapite Masisi, Walikale ama Fizi darasa kwa darasa. Lakini kupima si kazi ya daktari peke yake. Nchini Kenya, katika eneo la Trans Nzoia, walimu walifundishwa kupima wanafunzi kwa programu ya simu, na wazazi wakatumiwa ujumbe wa kukumbushwa. Zaidi ya nusu ya watoto waliogunduliwa walifika hospitali, wakati kwa njia ya zamani ya karatasi ni kama mmoja kati ya watano. Rwanda, na jina la nchi hiyo halisomwi kwa utulivu Kivu siku hizi, ilifundisha wauguzi wa vituo vya afya vya nchi nzima kupima macho na kutoa miwani kwa bei ndogo. Mbinu nzuri haina mpaka.

Viongozi wa elimu na wa afya wa majimbo wanaweza kuanza Septemba. Anayeandikisha mtoto anaombwa cheti cha kuzaliwa na picha, na hakuna anayemuuliza kama anaona. Kinachotakiwa ni karatasi yenye herufi E zinazotazama juu, chini, kushoto na kulia, kamba ya metre 6, na mwalimu aliyefundishwa kwa siku moja. Mtoto anafunika jicho moja kwa kiganja bila kulibonyeza, anaonyesha kwa mkono E inatazama wapi, kisha jicho la pili. Wakubwa wa mashirika yanayowagawia watoto wa wakimbizi kaye na kalamu wangefaa nao kuweka miwani katika hesabu zao, maana mtoto anayekimbia usiku mara nyingi miwani inabaki chini ya kitanda.

Mzazi hana haja ya kungoja hayo. Aibandike kalenda ukutani, awasimamishe watoto wake mahali pamoja, mmoja baada ya mwingine, wasome tarehe, jicho kwa jicho. Anayeshindwa pale ambapo wadogo zake wanasoma apelekwe kwenye hospitali yenye huduma ya macho kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa, na akirudi na miwani, mwalimu aambiwe amkatalie yeyote atakayemcheka na kumwita mzee.