Unguja Ukuu: Mji Usio na Ukuta

Ndege zishukazo Kiembe Samaki huteremsha wageni kila siku. Baadhi huelekea Mji Mkongwe; wengine hukata kisiwa kwenda fukwe za Paje na Jambiani. Ni wachache mno wanaoambiwa kwamba njiani wameiacha kando Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa hai zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Seyyid Said kuhamishia makao yake kisiwani.

Tumezoea kuisimulia Zanzibar kana kwamba ilianza na milango ya nakshi. Uchimbaji wa Mark Horton mwaka 1984, kisha wa Abdurahman Juma katika miaka ya 1990, ulikwishayakanusha masimulizi hayo. Ardhini humo vyungu vya wenyeji vimelala pamoja na vyombo vilivyoletwa kutoka Ghuba na China.

Husemwa kwamba hapana cha kuonyesha, kwa kuwa hapana hata ukuta. Hoja hii ni dhaifu na ina dharau ndani yake. Wakaazi wa mwanzo walijenga kwa miti na udongo, kama babu zetu walivyojenga hadi juzi. Kuupuuza mji wao kwa kukosa mawe ni kusema kwamba astahikiye kukumbukwa ni mwenye jumba peke yake.

Tena udongo hauna subira ya jiwe. Beit al-Ajaib lilipoporomoka Disemba 2020 tulishtuka, na ilikuwa haki yetu. Lakini jumba lina picha na michoro, laweza kujengwa upya. Tabaka la udongo likishachotwa kwa ajili ya matofali, au kukatwa na msingi wa hoteli, hakuna fundi wa kulirejesha.

Simlaumu mkulima. Hawezi kutakiwa aache konde lake kwa ajili ya urithi wa taifa ilhali taifa halimpi kitu. Basi mipaka ya eneo ipimwe na sheha aijue. Kibali cha ujenzi kisitolewe kabla ya wataalamu wa mambo ya kale kuikagua ardhi. Vijana wa kijiji wafunzwe kuwatembeza wageni, na sehemu ya ada ibaki kijijini.

Serikali inayovuna fedha za wageni kwa jina la historia ina deni kwa kijiji kilichoihifadhi historia hiyo chini ya mihogo yake.