Treni ndogo si mchezo wa batoto tu

Wandugu wachimbaji, bapapa na bamama, leo sizungumzi mshahara. Ninazungumza treni ndogo, ile yenye mtu anajenga mwenyewe juu ya meza, na bati, waya na mbao. Ninajua kuko wenye watacheka: «Huyu wa sendika amekosa kazi?» Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho. Maneno ya treni ndogo inagusa wakati wetu wa kupumuzika, na inagusa ufundi wetu wenye unaanza kupotea.

Kule Ulaya, watu wazima njo wanajenga na kukusanya treni ndogo, na hawaone haya. Mwaka 1891, kampuni Märklin ya Ujerumani ilionyesha katika soko kubwa la Leipzig treni zenye reli za vipimo vya kudumu. Tangu pale mtu aliweza kununua kipande leo, kingine mwaka kesho, na vyote vinaingiliana. Katika Uingereza, Frank Hornby, karani wa Liverpool, alikuwa anakatia batoto wake vipande vya chuma vya kujengea. Mwaka 1901 aliandikisha ile akili yake, mwaka 1920 akaanza kuuzisha treni zenye jina lake. Mwimbaji Rod Stewart, na mali yake yote, alipitisha miaka zaidi ya 20 akijenga mji mdogo na reli zake. Na Hamburg, tangu mwaka 2001, kuko nyumba nzima ya treni ndogo, Miniatur Wunderland, yenye inapokea watu zaidi ya milioni moja kwa mwaka.

Sasa ninauliza: kama wao wanaheshimu treni namna ile, siye watu wa Katanga tufanye nini? Miji yetu imezaliwa na reli. Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, ikitokea upande wa Rhodesia, kupitia Sakania. BCK ikasukuma reli mpaka Bukama mwaka 1918, mpaka Ilebo mwaka 1928. Mwaka 1931 tukaungana na reli ya Benguela, kupitia Dilolo, mpaka bahari ya Lobito. Shaba yenye baba zetu walichimba ilienda na ile njia. Unga wenye ulitukomalisha ulikuja na ile njia. Leo kila mkubwa anataja Lobito katika redio, sawa vile ni jambo jipya. Kwetu haiko jambo jipya.

Katika kila kartie kuko mzee mwenye aliendesha lokomotivu, ao alitengeneza breki, ao alibadilisha mbao za chini ya reli juani. Wale wazee wanajua vitu vyenye haviko katika kitabu. Wanajua bomba la hewa linapita wapi. Wanajua sababu gani vagoni ya mawe ya shaba iko fupi kuliko vagoni ya makala: mawe iko na uzito, inajaza nguvu ya magurudumu mbele ya kujaza sanduku. Lokomotivu za moshi zimekatwa mingi, zimeenda na mitraye. Makaratasi ya atelie yameoza. Ufundi umebakia paka katika kichwa na katika mikono. Mzee akikufa, tunamuzika na ufundi wake.

Treni ndogo inaweza kuokoa kitu pale. Mtu anaweza kusema uongo na kinywa, lakini hawezi kujenga lokomotivu ya uongo. Ukikosa hesabu ya magurudumu, itaanguka katika kona. Nimeona mzee mmoja wa kwetu, fundi wa zamani, anajenga vagoni na makopo ya maziwa na ya tomate. Bajukuu wanamuuliza: «Tate, hii waya ni ya nini?» Anajibu, na ile jibu ni somo la mekanike lenye hakuna shule inawapatia. Batoto wetu wanajua tayari kujenga motokari ya waya, hakuna mtu aliwafundisha. Mikono iko. Kinachokosa ni mtu mzima wa kukaa nao.

Pale njo maneno ya sendika inaingia. Kukaa na mtoto inaomba wakati. Code du travail ya mwaka 2002 inasema kazi isipite saa 45 kwa juma. Kuko wangapi kati yetu wenye wanafika nyumbani na nguvu ya kushika makasi? Tunadai mshahara na sauti kubwa, ni vizuri. Lakini saa za kupumuzika tunazidai polepole, sawa vile ni zawadi. Haiko zawadi. Mtu mwenye hana kitu cha kufanya na saa zake, patroni atazichukua bila kusikia haya. Mtu mwenye ameacha vagoni nusu juu ya meza, yeye atauliza: «Saa yangu ya kutoka ni ngapi?»

Tukumbuke tena: wakati wa Union Minière, kampuni njo ilichagulia wafanyakazi hata michezo. Cercle ilikuwa ya kampuni, mpira ulikuwa wa kampuni, bamama walifundishwa kushona katika nyumba ya kampuni. Wazee wengi walifurahi mule, sikatai. Lakini kitu cha mwenyewe, chenye mfanyakazi anachagua bila kuomba ruhusa, kilikuwa kidogo sana. Treni ya bati iko kitu cha mwenyewe.

Mtu atasema: «Unga umepanda bei, na wewe unatuletea mchezo?» Ninamuheshimu, sababu ile swali ni ya kweli. Jibu langu: kujenga namna hii hakuombi franga mingi. Treni za duka za Ulaya ziko bei kali, tuziachie wao. Siye tuchukue makopo, kartoni, mbao za masanduku, waya wa kuokota. Lakini tusikilizane vizuri: waya wa kuokota, si kabo ya kukata. Mtu asiende kukata waya wa reli ao wa chantier akisema ni ya treni ndogo. Ile ni wizi, na ya umeme inaua.

Kipimo nacho kiko rahisi. Reli yetu iko na upana wa milimita 1067, sawa na ya Zambia na ya Afrika Kusini. Ukigawanya na 64, unapata karibu milimita 16 na nusu, na ule ni upana wa reli ndogo yenye inauzishwa zaidi katika dunia. Basi tupime kila kitu na tugawanye na 64. Vagoni ya metre 12,80 inakuwa sentimita 20. Mtu wa metre 1,75 anakuwa karibu sentimita 2,7. Mtoto mwenye anafanya hesabu hii jioni moja ataelewa kugawanya kuliko kwa kukariri. Umeme hauombwe: mkono unatosha kusukuma. Na tukifuata wote kipimo kimoja, vagoni ya mtu wa Likasi itaingia katika treni ya mtu wa Kolwezi.

Ninaomba vitu vitatu. Kwanza, kila nyumba ya sendika itoe meza moja na mlango wazi siku ya mosi. Pili, tuite wazee wa reli na wa atelie, tuwape kiti cha mbele, na mwenye anajua kuandika aandike maneno yao. Tatu, batoto wote waingie, bana-bibi pia, sababu mikono yenye inashona inaweza kukunja bati.

Na bamama wenye wanaosha sahani, musitupe makopo ya tomate. Muyaweke pembeni. Siku ya mosi tutapita kuyachukua.