Gari la Unguja, namba ya Bara

Mume na mke wa Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, walikuwa barazani baada ya chakula cha usiku mume alipofungua simu na kumwonyesha mkewe picha. Toyota IST ya mwaka 2007, nyeupe, imeoshwa ikang'aa, imeegeshwa kwenye yadi moja kule Unguja. Bei Sh9,500,000. Ya namna hiyo hiyo walikuwa wameiona hapo mjini Tanga, na mwenye nayo hakutaka kushuka chini ya milioni 12.

"Mdogo wangu ameiona kwa macho yake," mume akasema. "Anataka tutume pesa Ijumaa, yeye ainunue kwa jina lake halafu aipakie melini. Wiki ijayo watoto wanakwenda shule kwa gari."

Mke aliitazama picha kwa muda. Katika fedha hizo, milioni nne zilikuwa zake, za kikoba, za maandazi na vitumbua vya alfajiri kwa miaka mitatu.

"Mume wangu, hiyo Z kwenye namba tutakaa nayo hapa mpaka lini?"

Mume akacheka. "Kwani Tanzania si moja?"

Ni moja, lakini jibu hilo ndilo linalowaponza wengi wa pwani hii. Ushuru wa forodha ni jambo la Muungano na unakusanywa na TRA pande zote mbili. Usajili wa magari si jambo la Muungano. Bara husajili TRA, na gari hupata namba inayoanza na T. Zanzibar wana mamlaka yao ya mapato, ZRA, na namba zao zinaanza na Z. Hata VAT haifanani: Bara ni asilimia 18, Zanzibar ni 15. Usajili wa vyombo vya moto umewahi kuwa miongoni mwa hoja za Muungano zilizojadiliwa na viongozi wa pande mbili kwa miaka mingi, kwa hiyo anayedhani ni ubishi wa ofisa mmoja wa bandarini anakosea.

Mwenye gari la Z anaweza kuvuka nalo kuja kutembea, kwa kibali cha muda. Kibali kina tarehe ya mwisho. Gari likija kuishi Tanga, kupeleka watoto shule na kubeba unga wa maandazi, linatakiwa lisajiliwe Bara, na hapo TRA hudai tofauti ya kodi: kiasi ambacho gari hilo lingelipiwa kama lingeingilia Bara, ukitoa kile kilicholipwa Zanzibar.

Mke hakuwa anayajua haya yote. Alijua tu kwamba jirani yao mmoja alinunua gari la Z akaishia kulifunika turubai uani. Akamwambia mumewe Ijumaa isubiri.

Kuna jambo ambalo kila mzazi mwenye simu anaweza kulifanya kabla ya kutuma hata shilingi: tovuti ya TRA ina kikokotoo cha kodi za magari yaliyotumika. Unaweka aina ya gari, mwaka, ukubwa wa injini na nchi lilikotoka, kinakupa thamani na kodi. Zingatia neno thamani. TRA hawaanzii kwenye bei uliyopatana na mwenye yadi, wanaanzia kwenye thamani iliyomo kwenye mfumo wao.

Tuseme mfumo umeipa IST yenye injini ya cc 1,290 thamani ya Sh5,000,000. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 ni 1,250,000, jumla inakuwa 6,250,000. Juu ya hiyo kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5, yaani 312,500. Kwa kuwa gari limepita miaka kumi, kuna asilimia 30 ya uchakavu, nayo ni 1,875,000. Sasa tumefika 8,437,500, na VAT ya asilimia 18 juu yake ni 1,518,750. Ukijumlisha kodi zote hizo unapata Sh4,956,250, karibu sawa na thamani ya gari lenyewe, na bado tozo ndogondogo na ada ya usajili hazijaguswa. Viwango hubadilika na bajeti ya Juni, lakini mtindo wa kuhesabu ndio huo.

Kama karatasi za Unguja zinaonyesha ililipwa kodi ya Sh3,000,000, tofauti ni Sh1,956,250. Nafuu waliyoiona ilikuwa milioni mbili na nusu. Inabaki laki tano na kidogo, na hiyo ndiyo ilipe meli, wakala wa forodha, namba, bima na nauli ya shemeji. Karatasi zikionyesha kodi ndogo zaidi, nafuu inageuka deni.

Na kama karatasi hazipo kabisa? Hapo hakuna cha kutoa. Ndiyo maana kadi ya gari peke yake haitoshi. Mnunuzi anahitaji hati ya forodha iliyoliingiza gari Zanzibar na stakabadhi za kodi, namba ya chasisi kwenye hati ifanane na iliyogongwa kwenye gari. Mwenye yadi anayesema "karatasi zitafuata" aachwe na gari lake.

Walio karibu na Horohoro nao wana kishawishi chao, gari la Mombasa lenye namba ya K. Huko mambo ni mazito zaidi, maana ni nchi nyingine. Kodi aliyolipa mwenzako ilikwenda serikali ya Kenya, na gari likivuka kuja kubaki hapa linahesabiwa kama bidhaa iliyoingia kutoka nje.

Turudi barazani, kwa sababu kodi haikuwa ugomvi mkubwa wa usiku ule. Ugomvi ulikuwa jina.

"Kwa nini kadi iandikwe jina la shemeji?" mke aliuliza.

"Kwa sababu yeye yuko kule. Tutabadilisha baadaye."

"Baadaye lini? Shemeji namheshimu, ni baba mdogo wa wanangu. Lakini naye ana mke na watoto. Mungu apishie mbali, likitokea la kutokea, mimi nitakwenda Unguja kusimama mbele ya Kadhi kuwaambia wanawe kwamba gari lililoandikwa jina la baba yao ni la maandazi yangu?"

Mume alinyamaza. Alikuwa na haki ya kumwamini mdogo wake, na hakuna aliyesema mdogo mtu ni mwizi. Lakini mahakama ya mirathi inaanza na kilichoandikwa kwenye kadi, kisha ndipo inasikiliza maneno. Mkataba wa mauziano kati ya mwenye yadi na mnunuzi halisi, uliosainiwa mbele ya wakili, unamlinda hata shemeji mwenyewe asije akadaiwa faini za barabarani za gari asiloliendesha.

Asubuhi mume alimpigia mdogo wake, naye akatuma picha za hati zote. Akazichukua mpaka ofisi ya TRA mjini Tanga. Nje, kabla hajaingia, kijana mmoja alimsogelea kwa sauti ya chini: alete laki sita, kadi ya T ataipata Jumatatu. Hao vishoka hawakosekani penye foleni. Kadi yao huonekana nzuri mpaka siku askari wa Segera anapoingiza namba kwenye mfumo, na gari ambalo kodi yake haikulipwa linaweza kukamatwa na kutaifishwa. Malipo halali yana namba ya malipo ya serikali, unalipia benki au kwenye simu, hayapiti mfukoni mwa mtu.

Makadirio aliyopewa ndani yalizidi kidogo hesabu ya kwenye simu. Alirudi nyumbani, wakakaa tena, mke akashika kalamu. Kisha wakampigia mwenye yadi wakamweleza kodi iliyobaki. Akalalamika, akaapa, mwisho akashuka mpaka Sh8,700,000.

Wiki ile ya pili mke alikwenda kuchukua TIN yake, ambayo hutolewa bure. Shemeji alilipakia gari melini na kadi ya Z mkononi, akijua kwamba gari moja haliwezi kubaki na kadi mbili. Tofauti ya kodi ikalipwa, ukaguzi ukafanyika, na kadi mpya ikatoka na jina la mama. Mume ndiye aliyependekeza hivyo, ingawa kwa majirani anasema ni kwa sababu yeye hana muda wa kupanga foleni.

Mtoto wao wa darasa la pili alikuwa ameshaikariri namba ya Z kutoka kwenye picha ya simu. Ilibidi aanze upya.