Kagua Simu Kabla ya Kuilaumu Betri

Makala iliyowashauri wenye simu zinazoisha chaji haraka wanunue betri mpya mara moja, kisha waiache iishe hadi sifuri kabla ya kuichaji, inawapotosha wasomaji. Ushauri wa sifuri ulizifaa betri za nikeli na kadimi. Za ioni za lithiamu, ambazo Sony ilianza kuziuza mwaka 1991 na ndizo zilizo kwenye simu za leo, huchakaa upesi zikimalizwa kila mara. Mkazi wa mtaa kama Kangemi asikimbilie kwa fundi kabla hajafungua mipangilio, sehemu ya betri, na kuona ni programu ipi inayokula chaji. Huenda pia tatizo ni mwangaza wa skrini, GPS iliyoachwa ikiwa imewashwa, au mtandao hafifu ndani ya nyumba ya mabati: simu hulazimika kuongeza nguvu ya mawimbi ili iufikie mnara.

Nitaambiwa betri nazo huzeeka. Ni kweli, na ikivimba ibadilishwe bila kuchelewa. Simu ikizimika ghafla ikiwa na chaji ya asilimia 30, betri ipimwe. Lakini anayeishi kwa kibarua hastahili kulipia betri mpya, pengine feki, huku programu ileile ikiendelea kuimaliza.