Takasia Haivurugi Bao

Hoja kwamba takasia, sheria ya kumfungia mpinzani shimo, huharibu uwiano wa bao la kiswahili, na kwamba vijiwe vya Morogoro viifute, inasahau masharti ya sheria hiyo. Takasia huja kwenye mtaji tu, yaani hatua ya pili ya mchezo, kete 22 za mkononi za kila mchezaji zikiisha. Anayetakata, yaani anayecheza bila kula, akitishia shimo moja pekee la mpinzani ambaye naye hana cha kula, shimo hilo hufungwa kwa zamu moja: mpinzani haruhusiwi kuanzia hapo. Yakitishiwa mawili, hakuna takasia. Nyumba, yaani shimo kuu la mchezaji, haifungwi ikiwa hai (haijavunjwa), wala shimo pekee la mbele lenye kete zaidi ya moja. Anayefungwa mfululizo, mara nyingi, aliivunja nyumba yake mapema mno. Sheria anaisingizia tu.