STIMA IKIZIMIKA, NANI HULIPA?

Ndugu wafanya kazi wa Eastleigh,

Usiku wa Ijumaa, 25 Agosti 2023, stima ilizimika karibu Kenya nzima. Hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta uliingia gizani, kwa kuwa jenereta ilikataa kuwaka. Aprili 2024 mto Mathare ukafurika, ukachukua nyumba za jirani zetu. Katika nchi nzima mafuriko ya mwaka ule yaliua watu zaidi ya 200.

Siku kama hizo twajua tunachohitaji: zahanati, duka la dawa, kinu cha unga, pampu ya maji. Kwa hiyo wanaosema Serikali ipunguze kodi ili mahali hapo pawe na jenereta au mitambo ya jua hawakukosea. Lakini tuulize: msamaha huo utamfikia nani?

Tajiri mwenye jumba la maduka ana jenereta tayari, na ana karani wa hesabu. Akisamehewa katika kodi ya faida, ataupata mara moja. Lakini mwenye kinu kidogo anayelipa kodi ya mauzo hutozwa, tangu Julai 2023, asilimia 3 ya kila shilingi inayoingia, bila kuondoa gharama hata moja. Kwake msamaha wa faida ni maneno matupu. Yeye asaidiwe pale dukani anaponunua mashine. Jambo hili si geni: mwaka 2020 vifaa vya jua vilitozwa VAT, na mwaka 2021 Bunge likaiondoa.

Na sisi je? Kodi inayosamehewa ni fedha ya hospitali zetu na shule zetu. Basi anayesamehewa naye atoe kitu. Tudai mambo matatu. Kwanza, siku ya shida mlango uwe wazi na bei isipande. Pili, mashine ijaribiwe kila wiki, tena ikae nje penye hewa, maana moshi wake huua watu chumbani. Tatu, mfanya kazi asirudishwe nyumbani bila mshahara kwa ajili ya giza. Msichana wa duka la dawa hakukata waya. Mbona yeye ndiye alale njaa?

Kila mwaka, kabla ya sheria ya fedha kupita, Kamati ya Bunge hupokea maoni ya wananchi. Matajiri hupeleka yao. Ndugu, leteni yenu katika mkutano wa tawi, tuyapeleke kwa sauti moja.

Umoja ni nguvu.