Ujuzi Wako Usiutoe Bila Karatasi

Watu wangu wa Likoni, Kisauni na Changamwe, hebu niwaulize. Ukimpa kijana pikipiki kwa hesabu ya siku, huwa umemuuzia? La! Asipoleta hesabu, unaichukua. Sasa mbona ujuzi tunautoa bure?

Mwarobaini uko uani kwetu. Mwaka 1994 kampuni ya W.R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani walipewa hataza Ulaya, yaani haki ya kuzuia wengine, juu ya dawa ya kuvu ya mimea itokanayo na mafuta ya mti huo huo. Vandana Shiva wa India na wenzake wakapinga: hii kwetu inatumika kitambo. Hataza ikafutwa 2000, rufaa ikaanguka 2005. Miaka yote hiyo, kupigania kitu chako!

Sisemi mtafiti afukuzwe. Lakini siri ikishatoka mdomoni hairudi. Kwanza andikeni: nani amekuja na ujuzi gani, utatumika kwa kazi gani, kwa muda gani, na dawa ikiuzwa fungu lenu ni lipi. Hiyo ndiyo leseni: yeye anatumia, nyinyi mnabaki wenyewe. Sheria ya Kenya ya 2016 ya kulinda maarifa ya jadi inataka idhini ya wenyewe kwanza, na kaunti ina kazi ya kuyasajili. Tuiulize kaunti yetu daftari liko wapi.

Mgeni akileta soda, kunyweni. Siri ya nyanya ingoje sahihi.